Mzazi, taa uliyomfungia mwanao kwenye boti inasema nini gizani?

DUKA la vipuri vya pikipiki ndiko zinakotoka taa nyingi zinazoonekana siku hizi kwenye boti ndogo za pwani na za maziwa. Ni zilezile: taa ya mkanda inayobadilika rangi, taa ndefu ya LED yenye mwanga wa kuumiza macho, na ile ndogo ya kumwekamweka ambayo dereva wa bodaboda huifunga chini ya tenki ili chombo kipendeze. Zinawaka kwa betri ya kawaida ya volti 12, na fundi wa mtaani anazifunga kwa muda mfupi tu.

Mara nyingi anayetoa fedha ni mzazi. Mama anayekaanga samaki pwani, au baba aliyeacha uvuvi na kumkabidhi kijana wake mashua, anatoa pesa hizo kwa moyo mweupe. Hesabu yake ni nyepesi: usiku ni giza, giza ni hatari, basi taa nyingi ni usalama mwingi.

Barabarani hesabu hiyo inakaribia kuwa kweli. Majini inadanganya, na kosa lake halijulikani mpaka usiku ule vyombo viwili vinapokutana.

Tofauti iko kwenye kazi ya taa. Gari huwasha taa ili dereva aone njia. Baharini na ziwani hakuna njia iliyochorwa, na maji hayarudishi mwanga kama lami yenye mistari myeupe. Taa ya chombo cha majini imewekwa kwanza ili nahodha mwingine ajue mambo matatu: hapa pana chombo, kimeelekea upande gani, na kinafanya kazi gani. Usiku umbo la boti, rangi ya mbao zake na jina lililochorwa ubavuni vyote vinamezwa na giza. Kinachobaki ni taa. Taa ikisema uongo, chombo kizima kimesema uongo.

Mkono wa kulia na mboga ya kijani

Lugha hiyo ya taa ni moja dunia nzima. Imeandikwa katika Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini, zilizopitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika Julai 1977 chini ya Shirika la Kimataifa la Usafiri Majini, IMO. Tanzania Bara msimamizi wa usalama wa vyombo vya majini ni TASAC, Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini (ZMA), na Kenya ni Mamlaka ya Usafiri wa Baharini (KMA). Kijana anayevusha watu kutoka Mkokotoni kwenda Tumbatu na nahodha wa meli ya makontena inayoingia Dar es Salaam wanasomana kwa rangi zilezile.

Ubavu wa kulia wa chombo una taa ya kijani. Ubavu wa kushoto una nyekundu. Nyuma, tezini, ipo nyeupe, na chombo cha injini huwa na nyeupe nyingine juu inayotazama mbele. Mtoto anaweza kulishika hili kwa njia rahisi: mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, na mboga za majani ni kijani. Upande uliobaki ni nyekundu.

Jambo ambalo wauza taa hawalisemi ni kwamba kila taa ina eneo lake la kuonekana, na eneo hilo limepimwa. Taa ya ubavuni inaanza kuonekana kutoka mbele kabisa na kuishia nyuma kidogo ya katikati ya ubavu wake, jumla nyuzi 112.5. Ya tezini inachukua nyuzi 135 za upande wa nyuma. Ndiyo maana taa za dukani zilizotengenezwa kwa ajili ya boti zina ukingo mweusi unaozuia mwanga usivuke upande wa pili. Ukingo huo ndio unaobeba maana. Ukiona nyekundu peke yake, unatazama ubavu wa kushoto wa mwenzio. Ukiona nyekundu na kijani kwa pamoja, anakujia uso kwa uso, na kila mmoja anatakiwa kukata kulia. Ukiona nyeupe tu, huenda unamfuata kwa nyuma, au ni chombo kilichotia nanga, au ni mtumbwi mdogo.

Kwa vyombo vidogo kanuni imelegezwa. Boti ya injini isiyofika mita 12 inaweza kutumia taa moja nyeupe inayoonekana pande zote pamoja na zile mbili za ubavuni, na hizo mbili zinaweza kuunganishwa katika taa moja yenye vioo viwili pale omoni. Boti isiyofika mita 7 ambayo mwendo wake hauzidi kilomita 13 hivi kwa saa inaruhusiwa kuwa na nyeupe ya pande zote tu, ikiweza iongeze za rangi. Mtumbwi wa makasia na ngalawa ndogo ya tanga visivyo na taa hizo vinatakiwa kuwa na tochi au kandili tayari mkononi, ya kuonyeshwa mapema kabla chombo kingine hakijakaribia.

Taa hizi huwashwa jua linapozama hadi linapochomoza, na hata mchana kukiwa na ukungu au mvua nzito.

Mkanda wa kijani ulivyogeuza safari

Sasa turudi kwenye ule mkanda wa dukani. Chukua boti ya kijana iliyozungushiwa taa ya kijani kutoka omo hadi tezi, kwa sababu ni rangi ya timu yake au kwa sababu imependeza tu. Inakatiza mbele ya boti ya abiria, kutoka kulia kwenda kushoto. Nahodha wa abiria alipaswa kuona nyekundu, yaani ubavu wa kushoto wa kijana, na nyekundu hapo ina maana ileile ya taa za barabarani: wewe ndiye wa kumpisha.

Lakini anaona kijani. Anasema moyoni, huyu anakwenda kulia, ameniachia njia. Anashika mwendo wake, au anakata kidogo kushoto ili ampite kwa nyuma. Kumbe kushoto ndiko kijana anakoelekea. Hapo hakuna mlevi, hakuna aliyelala, na taa zimewaka zote.

Mkanda unaobadilika rangi ni mbaya zaidi, maana kila baada ya sekunde chache unakanusha ulichosema. Zile za kumwekamweka zina shida yake: maboya yanayoonyesha mkondo wa kuingia bandarini humweka kwa rangi, nyekundu na kijani zikiwemo. Boti iliyosimama karibu na lango la bandari huku ikimweka kijani inaweza kuhesabiwa kuwa boya, na boya nahodha hupita jirani nalo kwa makusudi. Taa ya buluu inayomweka nayo iachwe, kwa sababu katika nchi nyingi ni ya polisi na vyombo vya doria.

Muda wa kurekebisha kosa ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Taa ya ubavuni ya boti ndogo inatakiwa ionekane umbali wa maili moja ya baharini, ambayo ni mita 1,852. Boti ya abiria inayokwenda kilomita 37 kwa saa inaumaliza umbali huo kwa dakika tatu. Zikiwa mbili za mwendo huo zinatazamana, ni dakika moja na nusu. Katika dakika hiyo na nusu mtu aone, aelewe, aamue, na chombo kigeuke kikiwa na mzigo na watu. Nusu ya muda ikiishia kwenye kujiuliza "hii ni kitu gani?", kilichobaki hakitoshi.

Pazia jeupe mbele ya macho

Taa ndefu ya LED iliyofungwa omoni haina uongo wa rangi. Yenyewe inapofusha, na wa kwanza kupofushwa ni mwenye nayo.

Kila nyumba inalijua jambo hili. Umeme ukikatika ghafla usiku, mwanzoni mtu haoni hata mlango. Akitulia, viti vinaanza kujitokeza, kisha dirisha, kisha uso wa mtoto. Jicho huchukua kati ya dakika 20 na 30 kulizoea giza vizuri, na sekunde chache za mwanga mkali zinatosha kuirudisha kazi hiyo nyuma. Nahodha aliyewasha taa kubwa mbele yake anaona vizuri mita chache za maji yanayong'aa, na nje ya hapo ni weusi mtupu. Ngalawa isiyo na taa iliyokuwa ikionekana kama kivuli dhidi ya nyota, haionekani tena.

Kukiwa na manyunyu au ukungu mambo huharibika kabisa. Mwanga unagonga mbao za boti yenyewe, unagonga matone, unarudi machoni. Dereva aliyewahi kuwasha full kwenye ukungu wa Njombe au Lushoto analifahamu pazia hilo.

Na yule anayekuja upande wa pili? Barabarani ukipigiwa full unapunguza mwendo na kushika kingo ya lami. Majini hakuna kingo. Tena mwanga huo mweupe unazimeza taa ndogo nyekundu na kijani zilizo chini yake, hivyo boti iliyofungwa taa zote za kanuni kwa usahihi inageuka kuwa mng'ao mmoja usio na mbele wala nyuma.

Je, ina maana taa ya ziada ni marufuku? Hapana, na hapa ndipo wazazi wengi hupata nafuu. Kanuni ya 20 ya zile za mwaka 1972 inaziruhusu taa nyingine kwa masharti: zisiweze kudhaniwa kuwa ni mojawapo ya taa za kanuni, zisififishe wala kupoteza sura ya taa hizo, na zisimzuie nahodha kuangalia mbele ipasavyo. Taa ikishindwa sharti moja kati ya hayo, izimwe chombo kinapokuwa safarini.

Kwa hiyo taa kubwa ina mahali pake. Boti ikiwa imetia nanga na watu wanapakua samaki, taa ya kazi iwashwe, ielekezwe chini ndani ya boti. Kuingia kwenye mlango wa miamba, tochi yenye nguvu ishikwe mkononi, imulike boya au jiwe kwa muda mfupi, izimwe. Kanuni ya 36 inaruhusu hata kumulika upande wa hatari ili kumtahadharisha mwingine, ila kwa namna isiyomsumbua nahodha wa chombo chochote, na inakataza kutafuta kuonekana kwa taa kali za kumwekamweka. Boti ya tanga ina ujanja wake wa tangu zamani: kumulika tanga lenyewe. Kitambaa cheupe kilichoangazwa huonekana mbali, na hakimpofushi mtu.

Ndani ya boti, pale mtu anaposoma dira au kufungua chakula, taa nyekundu hafifu haisumbui sana macho yaliyozoea giza. Iwe chini na ifunikwe, isionekane kutoka nje, kwa sababu ikionekana nje itakuwa imeshakuwa taa ya ubavu wa kushoto.

Wavuvi wa dagaa wafanyeje?

Ipo kazi moja ambayo haiwezi kuacha taa kubwa. Dagaa hufuata mwanga. Ndiyo maana wavuvi wa Ziwa Victoria, Ziwa Tanganyika na visiwa vya Unguja na Pemba hutoka zaidi nyakati za giza na kupumzika mwezi unapokuwa mpevu, kwa kuwa mwezi huzinyang'anya taa zao nguvu. Zamani ilikuwa karabai ya mafuta ya taa. Sasa wengi wamehamia LED za betri na sola, ambazo zimepunguza gharama za mafuta na moshi. Ada za shule za watoto wengi zimelipwa na taa hizo, na si haki kumwambia mvuvi azime.

Tatizo ni kwamba taa ya kuvutia dagaa inamwonyesha samaki, haimwonyeshi mvuvi. Ziwa Victoria taa nyingi huelea juu ya vyelezo vidogo, mbali na mtumbwi wenyewe. Mgeni anayepita akiwa na boti ya mwendo anaona mstari wa taa unaopendeza kama mji, anajielekeza kwenye nafasi yenye giza katikati, na katika giza hilo ndimo ulimo mtumbwi wenye watu na kamba za nyavu.

Kanuni inasema chombo kinachovua kwa nyavu au ndoano ndefu, mbali na vile vinavyokokota wavu nyuma, kionyeshe taa mbili za pande zote, nyekundu juu na nyeupe chini yake. Mtego ukienea zaidi ya mita 150 kutoka chomboni, nyeupe nyingine iwekwe upande ulikoelekea mtego. Mitumbwi mingi haina jozi hiyo. Mzazi au mke anayetaka kuanza na jambo dogo lenye manufaa aanze hapa: taa moja nyeupe ya pande zote, juu ya mti, kwenye mtumbwi wenyewe, isiyozimwa usiku kucha hata kama karabai zote ziko majini.

Jambo la pili ni kofia ya taa, kipande cha bati au sufuria kuukuu juu ya taa ya dagaa. Mwanga wote unashuka majini waliko samaki na macho ya watu yanapumzika. La tatu ni la bure kabisa: mtu mmoja kati ya wote waliomo ageuze mgongo kwenye taa na kazi yake iwe kutazama nje. Mtu aliyekodolea macho karabai kwa saa mbili hawezi kuona boti inayokuja, hata ikiwa na taa zote.

Betri, waya na redio

Kuna hasara nyingine ya taa za ziada ambayo haihusu macho. Taa ya LED ya wati 120 kwenye betri ya volti 12 inakula ampea 10. Betri ya pikipiki yenye ujazo wa ampea-saa 7 itakuwa imekauka kabla ya saa moja kuisha, na kama ndiyo betri inayowasha injini, kijana atabaki katikati ya maji bila injini na bila taa za kanuni. Taa za kanuni za LED zinakula wati chache mno, na betri hiyohiyo ingezihudumia usiku mzima. Busara ni kuzipa betri yao, isiyoguswa na taa za kazi, redio ya muziki wala chaja ya simu.

Waya uliounganishwa kwa kusokotwa na kufungwa nailoni huliwa na chumvi upesi. Cheche yake ni hatari kubwa kwenye boti ya petroli, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hukaa chini kwenye sakafu ya boti, palepale waya unapopitishwa. Fyuzi iwe karibu na betri, na fundi aulizwe ameiweka wapi. Akijibu kwamba haina haja, atafutwe fundi mwingine.

Kwa boti yenye redio ya VHF, kuna kipimo ambacho watu wachache wanakijua. Mwaka 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kwamba baadhi ya taa za LED zinaingilia mawimbi ya redio hiyo, kiasi kwamba chombo hakisikii kinapoitwa. Kujaribu ni rahisi: weka redio kwenye chaneli isiyo na mazungumzo, punguza kidhibiti cha kelele mpaka ule mvumo ukatike tu, kisha washa taa. Mvumo ukirudi, taa hiyo inaziba masikio ya boti, chaneli 16 ya kuombea msaada ikiwa mojawapo.

Macho ya kijana mwenyewe

Kabla ya kununua taa yoyote, mzazi amjue anayekwenda kuzisoma. Wapo vijana wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Hali hiyo huwapata wanaume zaidi, na hurithiwa kupitia kwa mama, ambaye kwa kawaida yeye mwenyewe anaona rangi vizuri na hana habari. Mtoto anakua, anajua kwamba nyanya ni nyekundu kwa kuwa ameambiwa, na hakuna anayegundua. Nahodha wa meli hupimwa jambo hili kabla ya kupewa cheti. Kijana wa mashua hapimwi na mtu. Kliniki ya macho inaweza kumpima kwa muda mfupi, kwa kurasa za vidoti vya rangi. Akionekana ana hali hiyo, hajaharibikiwa maisha, ila asishike usukani peke yake usiku.

Na yule anayelalamika kwamba jioni haoni vizuri wakati wenzake wanaona, apelekwe hospitali. Upofu wa usiku unaweza kutokana na upungufu wa vitamini A, ambayo hupatikana kwenye maini, mayai, mboga za majani, maembe na viazi vitamu vya rangi ya chungwa.

Familia inapokuwa abiria

Si kila mzazi ana boti. Wengi hukutana na bahari usiku mara moja moja: harusi ya kisiwani, msiba wa ghafla, matembezi ya sikukuu na boti ya muziki na taa za disko. Kuna swali moja la kumuuliza mwenye boti kabla ya kulipa, nalo ni kama cheti chake kinamruhusu kubeba abiria usiku, na wangapi. Mwenye cheti hukionyesha bila kununa.

Mkikaa, macho yaende kwa nahodha. Je, taa za disko zinamwangaza usoni? Watu wamesimama mbele yake? Watoto wanapiga picha kwa mmweko wakiwa omoni? Hayo yote yanamnyima macho, na mzazi anayemwambia mwanawe azime tochi ya simu amemsaidia nahodha kuliko anayempongeza. Simu yenyewe itunzwe ikiwa kavu na ina chaji, kwa kuwa ndiyo ya kupigia 112.

Mkasa wa Hong Kong wa tarehe 1 Oktoba 2012 unafaa kusimuliwa hapa, kwa sababu waliopanda walikuwa familia. Boti iliyobeba wafanyakazi, wake, waume na watoto wao ikienda kutazama fataki za sikukuu iligongwa na kivuko karibu na kisiwa cha Lamma, jioni, baada ya saa mbili. Ilizama tezi kwanza ndani ya dakika chache. Watu 39 walikufa, 8 kati yao wakiwa watoto. Tume ya uchunguzi ililaumu kutoangalia mbele ipasavyo, na ilikuta hapakuwa na majaketi ya kuokolea ya saizi ya watoto. Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani. Mzazi anayesafiri na mdogo ajaribu jaketi kabla ya kung'oa nanga, alikaze, na kama lina kitambaa cha kung'aa na filimbi, mtoto aonyeshwe.

Hatari ikitokea kweli, hapo masharti yote ya taa yanaisha. Fataki nyekundu za kuombea msaada zirushwe, mikono ipandishwe na kushushwa, tochi zimweke tatu fupi, tatu ndefu, tatu fupi. Taa hizo hueleweka vizuri zaidi pale ambapo usiku wa kawaida haukujaa taa za mchezo.

Kipimo cha ufukweni

Boti ya nyumbani inaweza kukaguliwa na familia yenyewe kabla ya mkaguzi. Ipandishwe ufukweni jioni, giza likishaingia, mahali pasipo na taa za hoteli nyuma yake, maana taa za mji huzificha taa za chombo. Ziwashwe za kanuni peke yake. Mtoto wa darasa la tano aanze kutoka mbele, hatua kama 50 mbali, azunguke boti yote huku akitaja kwa sauti rangi anazoziona. Mbele kabisa ataje nyekundu na kijani. Akizungukia ubavu wa kulia wa boti ibaki kijani, na ipotee anapopita katikati ya ubavu kuelekea nyuma. Tezini asione rangi yoyote ila nyeupe.

Kisha ziwashwe na zile za dukani, aizunguke mara ya pili. Rangi iliyokuwapo ikipotea, au ikizuka pasipotakiwa, au akilazimika kufunika macho kwa kiganja, taa iliyosababisha inajulikana hapohapo. Mtoto akifika nyuma ya tezi na bado anataja kijani, mkanda unafunguliwa usiku huohuo, kabla petroli ya safari haijatiwa.